Kadi Iliyokufa Kabla ya Mkutano wa Milepa

Sumbawanga
9 Juni 2002

Shemeji Andwele,

Salamu za huku. Baridi ya Ufipa imeshika kweli mwaka huu. Nakuandikia nimevaa sweta mbili, na upepo unapiga mabati kama kuna mtu anatembea juu ya nyumba. Kaka yako Anyitike hajambo. Yuko Kasesya kwenye kazi yake ya forodha, anarudi Ijumaa kama kawaida, vumbi mpaka masikioni. Watoto wazima.

Sasa nikuambie bila kuzunguka: ile kadi ya picha ya kompyuta uliyonitumia Pasaka haikimbii. Nimekupigia simu dukani kwenu mara tatu. Wanasema hupo, halafu wanakata. Ndiyo maana naandika.

Nimechora bonde lote la chini ya Milepa ndani ya kompyuta. Vilima, makorongo, mto, vyote vimesimama kama unavitazama ukiwa ndani ya ndege. Lakini nikitaka kuligeuza bonde nionyeshe upande wa pili, picha inaganda. Nahesabu mpaka sita ndipo inasogea, halafu inaganda tena. Juzi nilimwonyesha Mhandisi Polikarp, mkuu wetu wa mradi, akaniuliza kama kompyuta imelala.

Labda unashangaa haraka yangu ni ya nini. Mwaka juzi mradi ulipoamua kuchimba mfereji wa umwagiliaji kule bondeni, mstari wa mfereji niliuchora mimi. Niliuchora mezani, kutoka kwenye ramani ya zamani, na ramani ile haikuonyesha njia ya ng'ombe. Mstari ukakata katikati ya njia ambayo Wasukuma, akina mzee Masanja, wanapitisha mifugo kwenda mtoni. Mwaka jana wakulima walipoanza kuchimba, ikawa vurugu. Kijana mmoja wa wafugaji anaitwa Ngeleja alikatwa panga mkono wa kulia. Amepona, lakini vidole vitatu havikunjiki. Nilikwenda kumtazama hospitali. Hakujua kwamba mstari ule ni wangu, nami sikumwambia.

Tarehe 20 Julai, Jumamosi, kuna mkutano wa mwisho kule Milepa wa kuchagua mstari. Nimechora mstari mwingine unaozunguka chini ya kilima na kuacha njia ya ng'ombe wazi. Polikarp anasema, "Watu hawasomi mistari ya mwinuko, Justina. Wasipoona kwa macho yao, watachagua mfereji wa zamani kwa sababu umeshaanza kuchimbwa." Nikamwambia nitawaonyesha kwenye televisheni, maana kadi yako ina tundu la kutolea picha kwenye televisheni. Akasema nikiweza, ananipa saa moja. Lakini ananipa saa moja ya bonde linalogeuka, si ya bonde lililoganda.

Niambie la kufanya, na uniandikie hatua kwa hatua. Mimi ni mchoraji ramani, hayo mengine sijasomea.

Shemeji yako,
Justina


Dar es Salaam
15 Juni 2002

Shikamoo shemeji Justina,

Barua yako nimeipata. Pole sana na baridi, huku tunaoga jasho.

Kuhusu simu, usijali, dukani siku hizi wana mambo mengi na niko zaidi nje kwa wateja. Usipige tena kule. Andika kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha hii, ni ya mshikaji wangu, barua inanifikia siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza, kadi yako si mbovu. Imefungwa breki. Kiwanda kinatengeneza kadi za aina moja, halafu ndani ya kila kadi kinaandika maagizo kwenye chipu ndogo. Sisi mafundi tunayaita bayosi. Kadi hii inaambiwa kimbia, ile inaambiwa tembea. Ile ya kukimbia wanaiuza ghali, yako wameiambia itembee. Kazi yetu ni kuyafuta maagizo ya kutembea na kuandika ya kukimbia. Tunaita kuflashi. Ukishaflashi, kadi itakuruhusu kuipandisha mwendo, kitu ambacho sasa hivi inakukatalia.

Nimekuwekea disketi humu ndani. Fanya hivi:

Zima kompyuta, tia disketi, washa. Itakuja skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Kwanza kabisa andika amri ya kwanza niliyoiandika kwenye karatasi ya njano: hiyo inanakili maagizo ya zamani na kuyahifadhi kwenye disketi. Usiiruke hiyo shemeji, ndiyo njia ya kurudi nyumbani kukiharibika kitu. Ndipo uandike amri ya pili. Itachukua kama dakika moja. Katika dakika hiyo usiguse kitu, na umeme usikatike. Ukikatika katikati, kadi inabaki na nusu ya maagizo, na kadi yenye nusu ya maagizo ni sahani tu. Kama taa zinachezacheza siku hiyo, acha, fanya siku nyingine.

Faili nimelipata kwa mtu anayejua kazi. Utaona bonde lako litakavyozunguka.

Msalimie kaka. Mambo ya kazi yangu usiongee naye sana, unamjua alivyo, atataka kujua kila kitu.

Wako,
Andwele


Sumbawanga
24 Juni 2002

Shemeji,

Disketi imefika imepinda kama ganda la ndizi. Kuna mtu posta ameipiga mhuri wa chuma juu yake, duara la mhuri linaonekana mpaka kwenye plastiki. Nimeitia, kompyuta ikalia grrr, grrr, ikaandika kwamba haisomi. Nimeitia mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili haikutaka hata kutoka, nikaitoa kwa kibano cha nyusi.

Nimebaki na siku ishirini na sita. Leo Polikarp amepita mezani kwangu akasema, "Kama televisheni imeshindikana, tuchapishe mabango tu." Mabango! Nilimjibu kwa adabu, lakini ndani nilikuwa nachemka.

Tuma nyingine, na usitumie posta. Mpe kondakta wa basi la Mbeya, amkabidhi mwenzake wa basi la huku. Na uweke kwenye kitu kigumu.

Kwani umehamishwa kazi? Kaka yako ameniuliza mara mbili kwa nini dukani wanasema hupo. Nimesema uko kwa wateja, kama ulivyoandika. Naomba iwe kweli, kwa sababu nimeshaisema.

Justina


Dar es Salaam
28 Juni 2002

Shikamoo shemeji,

Disketi mbili hizo, ndani ya kopo la biskuti, nimezizungushia fulana yangu. Kondakta ameapa hataweka kopo chini ya magunia. Maelekezo ni yale yale ya karatasi ya njano. Nina haraka, basi linawasha injini.

Andwele


Dar es Salaam
2 Julai 2002

Shemeji Justina,

KAMA HUJAFLASHI, USIFLASHI. Nimeandika kwa herufi kubwa nje ya bahasha pia.

Leo nimeongea na fundi mwingine nikamtajia kadi yako, akaniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza mimi: chipu za kumbukumbu ni zipi? Kumbe kadi hizo zinatoka na chipu za aina mbili. Fungua kompyuta, tazama vile vipande vinne vyeusi vya mraba juu ya kadi. Mwisho wa maandishi yake kuna namba. Ikiwa ni 5, faili ni lako, endelea. Ikiwa ni 6, faili hilo si lako, chipu zako hazitaweza mwendo huo na kadi inaweza kukataa kuwaka kabisa.

Basi la leo limeondoka nikiwa njiani, na la kesho kondakta simjui. Natuma kwa posta ya haraka. Naomba ikufikie kabla.

Andwele


Sumbawanga
Jumapili, 7 Julai 2002

Andwele,

Kadi imekufa.

Nilifanya leo asubuhi, watu wakiwa kanisani, ofisi tupu. Nilifuata karatasi yako ya njano. Sasa hivi nikiwasha kompyuta nasikia mlio mmoja mrefu na mitatu mifupi, basi, skrini nyeusi kama sufuria. Nimeichomoa na kuichomeka tena. Nimepuliza vumbi. Nimesubiri ipoe, ingawa kwa baridi hii hakuna kinachoweza kuwa moto. Mrefu mmoja, mifupi mitatu. Nauota mlio huo nikiwa macho.

Faili lako ni baya. Ulisema umelipata kwa mtu anayejua kazi. Nani huyo? Anajua kazi gani? Zimebaki siku kumi na tatu. Kesho naingia ofisini kumwambia Polikarp nini? Kwamba shemeji yangu wa Dar alinitumia faili?

Ungejua ninavyomwona yule kijana. Jana alikuja ofisini na mzee Masanja kuulizia mkutano. Alisaini daftari la wageni kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mzee akasema, "Tumesikia mama utatuonyesha bonde kwenye televisheni." Nikasema ndiyo.

Nijibu kwa basi.

Justina


Dar es Salaam
12 Julai 2002

Shikamoo shemeji,

Barua yako niliipata Jumanne. Ile yangu ya tarehe 2 najua sasa ilichelewa. Kosa ni langu lote. Nimekaa siku tatu nafikiri nitakuandikiaje, nimeamua nikuandikie kila kitu.

Mimi sina kazi tangu Aprili. Mwenye duka alinifukuza wiki mbili baada ya Pasaka. Mteja mmoja, mwenye studio ya picha za harusi, alileta kompyuta yake tusafishe feni. Mimi nikaona kadi yake nzuri, nikaona imefungwa breki, nikaifungua bila kuulizwa. Nikaipandisha mwendo, ikawa inaruka, nikaita vijana wote waje watazame. Siku ya tatu ikaungua ikiwa kwa mteja, na harusi nne zikiwa humo ndani zinasubiri kuhaririwa. Mwenye duka aliniuliza kama niliigusa. Nikasema hapana. Akauliza vijana, wakasema ndiyo.

Na faili lako, shemeji, mtu anayejua kazi ni kijana wa kwenye intaneti kafe aliyelitoa mtandaoni. Hakuwahi kulijaribu. Mimi sikuwa na kompyuta ya kulijaribia. Nililituma kwa sababu nilitaka uone bado mimi ni fundi.

Uliposema kadi imekufa, nikajua kuna njia moja. Maagizo ya asili yanaweza kunakiliwa kutoka kadi nyingine ya aina ile ile kabisa, chipu zile zile. Mahali pekee ninapojua zipo ni dukani kwa yule mzee aliyenifukuza.

Nikaenda Jumatano asubuhi. Akanikuta nimesimama nje ya mlango wa chuma. Akaniuliza, "Umesahau nini?" Nikamwambia ukweli wa kadi ya mteja, kwamba niligusa mimi na nilimdanganya usoni. Alinisikiliza huku anafungua makufuli. Ndipo nikamwambia habari zako, bonde, mfereji, na yule Ngeleja. Akasema nikae. Nikakaa kwenye benchi la wateja mpaka saa kumi, vijana niliowafundisha mimi wakinipita. Akafunga duka. Alhamisi nikarudi nikakaa tena. Saa sita akaweka kadi mbele yangu, ya kwenye boksi, haijafunguliwa, akasema, "Nakili mbele yangu. Mikono juu ya meza."

Disketi ndiyo hii. Chipu za kadi ile zinaishia na 6. Angalia zako kwanza.

Hivi ndivyo unavyoifufua. Tafuta ile kadi ya zamani niliyokuambia uitoe Pasaka. Kadi mpya, hiyo iliyokufa, inakaa kwenye tundu la kahawia. Iache hapo hapo. Ya zamani ichomeke kwenye tundu jeupe la jirani na uunganishe skrini kwenye hiyo. Utaona maandishi. Tia disketi, andika amri iliyo kwenye karatasi. Ikimaliza, zima, toa ya zamani, rudisha waya.

Usimwambie kaka habari za kazi. Nitamwambia mwenyewe nikishapata nyingine. Nisamehe kwa mkutano.

Andwele


Sumbawanga
16 Julai 2002

Shemeji Andwele,

Kadi imefufuka. Ya zamani nilikuwa nimeisokomeza chini ya mguu wa meza inayoyumba. Niliichomoa, nikaifuta, ikawaka. Chipu zangu zinaishia na 6. Disketi yako imefanya kazi mara ya kwanza. Nilipoona rangi zimerudi nilikaa chini sakafuni.

Sasa niseme jambo ambalo ningesema tangu tarehe 7. Nimeisoma barua yako mara tatu na kila nikifika pale kwenye benchi naiweka chini.

Umeme ulikatika.

Asubuhi ile taa zilikuwa zinachezacheza tangu alfajiri. Niliona. Uliandika kabisa kwamba zikicheza niache, nami sikuacha, kwa sababu nilikuwa na siku kumi na tatu na ofisi ilikuwa tupu. Ile amri ya kwanza ya kuhifadhi maagizo ya zamani niliijaribu, disketi ikakataa kuandikwa, nikasema basi, nikairuka. Nikaandika amri ya pili. Ikafika katikati, na ofisi nzima ikazima. Ndivyo kadi ilivyokufa. Nilikaa mbele ya kompyuta iliyozimika nikijua kabisa ni mimi, halafu nikachukua kalamu nikakuandikia kwamba faili lako ni baya.

Na ile barua yako ya onyo ilifika Jumanne, tarehe 9. Niliposoma habari za 5 na 6, unajua nilihisi nini? Nafuu. Nikasema, afadhali, faili kweli lilikuwa na kasoro, kumbe sikusema uongo sana. Nikakuacha ubebe mzigo. Sikujua ungeubeba mpaka kule.

Hata umeme usingekatika huenda kadi ingekataa vile vile. Sijui, na hatutajua. Lakini si wewe uliyeiua.

Jambo jingine baya. Bahasha yako uliandika "Familia ya Anyitike," na ilifika Jumapili kaka yako yuko nyumbani. Aliifungua yeye. Aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akanipa, akatoka kwenda kutazama kuku. Hatuna kuku wengi wa kutazamwa kwa saa nzima. Jana alfajiri akaondoka kwenda Kasesya, na anachofikiri sikijui.

Kazi bado ipo. Kadi imerudi kuwa ile ile ya kutembea, nahesabu mpaka sita na picha inaganda, na zimebaki siku nne. Leo nilikuwa nalalamika dukani kwa Coleta, yule mama mwenye banda la video karibu na soko. Akaniuliza, "Kwani lazima igeuke mbele yao?" Nikamuuliza kivipi. Akasema, "Si urekodi kwenye mkanda? Ikiganda unasimamisha mashine, ikisogea unarekodi kidogo. Watu wataona inakwenda tu." Andwele, nilitaka kulia. Mwezi mzima nimepigana na mwendo wa kadi, na mwenye banda la video amemaliza jambo huku anahesabu mikanda yake.

Nimeazima mashine yake. Naanza kesho: kipande baada ya kipande, picha mia nne na kitu.

Siombi unisamehe haraka. Nataka tu uijue kweli.

Justina


Sumbawanga
22 Julai 2002

Shemeji,

Hujajibu, na sikulaumu. Nakuandikia habari za mkutano kwa sababu umeulipia kwa siku mbili za benchi.

Tuliteremka bondeni Ijumaa na gari la mradi. Huku juu tuliondoka na makoti, kule chini tukayavua. Jumamosi darasa la shule ya kijiji lilijaa mpaka madirishani, wakulima upande wa kulia na wafugaji upande wa kushoto, katikati wameacha nafasi ya kupita ng'ombe mzima. Jenereta la kukodi lilikataa kuwaka kwa dakika arobaini. Nilisimama pale mbele na mkanda mkononi, watu mia mbili wakinitazama, Polikarp akitazama saa yake. Nilishakichukia kila kitu kinachotumia umeme.

Likawaka. Mkanda ukaenda. Bonde likageuka, shemeji. Unaona mahali nilipochelewa kubonyeza kitufe, lakini linageuka. Nikawaonyesha mstari wa zamani kwa rangi nyekundu, unavyokata njia ya ng'ombe. Nikasema, "Huu niliuchora mimi. Niliuchora bila kufika hapa." Sikuwa nimepanga kulisema. Ngeleja alikuwa mstari wa pili. Alinitazama, kisha akatazama tena televisheni.

Nikaonyesha mstari mpya wa kijani. Nikiwa katikati ya maelezo, mama mmoja wa upande wa wakulima, Luciana, mwenye shamba la mpunga mwisho kabisa wa bonde, akanyoosha mkono.

"Mama, samahani. Huo mto umeuweka wapi?"

Nikamwonyesha. Akacheka, na si kwa ubaya.

"Hapo hakuna mto. Mto ulihama ile miaka ya mvua kubwa. Hapo sasa mimi nalima."

Nikadhani anataka kuniharibia. Lakini mzee Masanja akasimama upande wa pili, akasema, "Kweli kabisa. Mto umepita nyuma ya kile kilima. Sisi tulipoteza ndama saba siku ule mto ulipohama." Luciana akageuka akamwambia, "Hata mbuzi wangu walikwenda na maji hayo hayo." Halafu wote wawili wakawa wanabishana na televisheni yangu, kwa pamoja, huyu anasema shusha kidogo, yule anasema hapana, pale penye mti uliovunjika.

Unaelewa, Andwele? Ramani niliyoinakili ndani ya kompyuta ni ya kabla ya mvua zile. Mstari mwekundu ni makosa na mstari wa kijani pia ni makosa. Maji ya mfereji wangu mpya yangetoka kwenye mto ambao haupo. Ningekuwa na kadi ya kukimbia kuliko zote Tanzania, ningekuwa nimewaonyesha uongo kwa haraka zaidi.

Polikarp alinivuta pembeni. "Mwaka mzima wa michoro," alisema huku amebana meno. "Mwaka mzima." Nikamwambia najua. Alikuwa na haki ya kukasirika, na mimi nilikuwa nimekasirika kuliko yeye.

Basi tukaacha televisheni tukatoka nje, mia mbili sote, tukatembea mpaka mtoni penyewe, kwenye jua la saa nane. Luciana na Masanja mbele. Jioni ikaandikwa hivi: mfereji wa zamani unasimamishwa. Vipimo vinaanza upya Agosti, kwa miguu, na kila upande unatoa watu wanne wa kushika fito za kupimia. Mpaka hapo njia ya ng'ombe inabaki wazi, na ng'ombe hawaingii mpunga wa Luciana. Hakuna aliyefurahi sana. Hakuna aliyeshika panga.

Wakati wa kuondoka Ngeleja alikuja kwenye gari. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. "Nimeandikisha jina kwenye wale wa fito," akasema. "Safari hii nataka kuona unachora wapi." Nikamwambia atakuwa karibu yangu siku zote.

Ndivyo ilivyokuwa. Andika hata mstari mmoja.

Justina


Dar es Salaam
30 Julai 2002

Shikamoo shemeji,

Barua zako mbili ninazo. Ile ya tarehe 16 niliisoma kituo cha basi, nikaikunja, nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu, na kutoka pale ni mbali.

Nimekasirika. Nitakuambia kwa sababu nawe umeniambia kweli. Kwa wiki nzima niliamini nimeua mkutano wenu na nimemrudisha yule kijana kwenye mapanga. Sikula vizuri. Nilikaa kwenye lile benchi nikitazamwa na watoto niliowafundisha kushika bisibisi, kwa kosa ambalo kumbe halikuwa langu. Nimejaribu kujiambia si kitu, lakini ni kitu, shemeji.

Lakini kuna hili pia. Bila kosa lile nisingekwenda kwa yule mzee hata siku moja, na kosa nililomfanyia yeye lilikuwa langu kweli. Wiki iliyopita nilirudi kumshukuru. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama kuna nafasi. Akaendelea kupanga maboksi yake, akasema, "Radhi nimepokea. Kazi hapana." Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba yule mwenye studio ya harusi bado yuko pale pale, mtaa wa pili, na kwamba huko pia nina deni. Nimekwenda. Sitakusimulia alivyonipokea. Nimemtengenezea mashine zake siku sita bila malipo na bado hanisalimii, ila jana alinisogezea kiti.

Halafu juzi imekuja barua kutoka Kasesya. Kaka hajaniandikia tangu tumzike baba. Nimefungua nikitegemea kurasa nne za hasira. Nainakili yote hapa, uone ilivyo ndefu:

"Andwele. Nimesoma barua isiyo yangu. Ungeniambia Aprili. Justina anahitaji mtu wa kushika fito Agosti anayejua pia kompyuta. Njoo, ule kwanza, mengine tutaongea. A."

Nimekata tiketi ya Jumatatu. Nitalala Mbeya, Jumanne jioni niko kwenu. Sina sweta, nitafutie hata ya kaka.

Nikifika nitakuwa bado nimekasirika kidogo, shemeji. Nipikie hivyo hivyo.

Wako,
Andwele